Mshika Mbili wa Mpakani

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii niliipata chuoni nikiwa mdogo, siku mwalimu alipomkuta mwenzetu ameshika kalamu ya mwanzi kwa mkono wa kulia na gololi kwa mkono wa kushoto. Kiboko alichapwa yeye, lakini maneno yalituingia sote, na tangu siku hiyo nimeiamini methali hiyo bila ya kuiuliza swali. Mwaka huu nimerudi kutoka Busia nikiwa na shaka nayo, na shaka hiyo ndiyo niliyokuja kuizungumza leo nawe, ndugu msomaji.

Safari yangu haikuwa ya kazi. Nilialikwa Mumias kwenye Maulidi ya Mfungo Sita. Msomaji wa pwani asistaajabu, kwani Mumias ni mji ambao wazee wetu waliujua kabla ya reli kufika bara. Misafara ya Waswahili iliyokuwa ikielekea Buganda ilipumzika kwa Nabongo wa Wanga, na dini ikabaki pale baada ya mizigo kuondoka. Maulidi yalipokwisha, rafiki yangu mmoja mfanyabiashara wa nafaka akanichukua hadi kwao Bukhayo, upande wa Busia unaopakana na Uganda, nikakaa siku nne.

Sisi wa Mombasa sehemu hizo twazijua kwa majina ya malori. Hakuna mtaa wetu usio na dereva au utingo aliyewahi kulala Malaba akingoja karatasi. Lakini kuujua mji kwa foleni si kuujua. Busia ni mji mmoja wenye bendera mbili. Mama wa upande huu hununua ndizi upande ule, na mtoto wa upande ule husoma shule upande huu. Hata neno boda boda, ambalo leo latumika kutoka Lamu mpaka Kigoma, lilizaliwa huko katika miaka ya 1960, pale vijana wenye baiskeli zilizotiwa kiti cha sponji nyuma walipokuwa wakiwaita abiria wa kupelekwa kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Kiswahili kimepewa neno na watu ambao kazi yao ilikuwa ni kuvuka.

Siku ya pili nilikutana hotelini na Mmarekani mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mpole wa kunywa chai ya maziwa bila haraka. Alikuja kuitazama shule ambayo zamani alifundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu lakini kilieleweka. Nikamuuliza anarudi kwao lini. Akacheka, akaniambia kwamba yeye na mkewe wanatafuta kwao kwa pili.

Nilidhani anafanya mzaha, kumbe sivyo. Akanieleza mambo ambayo sikuyajua. Alisema siku hizi Wamarekani wengi wanatafuta ukaazi au uraia wa nchi nyingine, kwa sababu mbalimbali. Yuko anayeogopa siasa za nchi yake, yuko anayeshindwa na gharama za matibabu uzeeni, na yuko anayetaka tu pensheni yake imtoshe. Njia zenyewe ni tatu au nne. Ya kwanza ni ya fedha. Nchi ndogo ya St Kitts na Nevis, katika visiwa vya Karibi, imekuwa ikitoa uraia kwa wenye mali tangu mwaka 1984, na tangu 2023 mchango wa chini kabisa ni dola 250,000. Malta nayo ilikuwa ikifanya hivyo, mpaka Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipoamua, tarehe 29 Aprili 2025, kwamba uraia si bidhaa ya kuuzwa namna ile. Ya pili ni ya ukaazi: baadhi ya nchi, kama vile Ureno, humpa kibali mtu mwenye pato lake la kudumu, akakaa miaka, kisha akaomba uraia. Ya tatu ni ya damu, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiifuata yeye.

"Nyanya yangu alizaliwa Ayalandi," aliniambia. "Sheria yao yasema mjukuu anaweza kujiandikisha akawa raia. Natafuta cheti chake cha kuzaliwa."

Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua za makanisa, za makarani, na picha ya bibi mmoja mwenye kofia. Alikuwa na wasiwasi, kwa sababu milango ya damu nayo hufungwa. Italia, ambayo kwa miaka mingi iliwakubali hata vitukuu wa wahamiaji wake, ilibadili sheria mwezi wa Machi 2025 na kusimamisha hesabu kwa wazazi na babu na nyanya. Na wako Wamarekani weusi ambao karatasi za nyanya zao zilikatwa na utumwa. Hao Ghana imewafungulia mlango wake. Tangu mwaka 2000 sheria yake inawapa watu wa asili ya Kiafrika walioko ng'ambo haki ya kuomba kukaa, na mwezi wa Novemba 2024 watu 524, wengi wao Wamarekani, walipewa uraia kwa pamoja.

Nikamuuliza, "Utauacha uraia wa Marekani?" Akatikisa kichwa. Alisema mahakama kuu ya kwao iliamua tangu 1967 kwamba Mmarekani havuliwi uraia wake asipoutoa mwenyewe kwa hiari; na kwamba hata akikaa mwisho wa dunia, hesabu za kodi atazipeleka Washington kila mwaka. "Sitaki kuhama nyumba," alisema. "Nataka nyumba yangu iwe na mlango wa pili."

Neno hilo lilinigusa, kwani mimi ni mtu wa Mji wa Kale. Nyumba zetu za kale zina mlango wa mbele, wenye nakshi na baraza, na zina mlango wa uani. Wa mbele ni wa wageni na heshima. Wa uani ni wa jirani, wa kuomba chumvi, na wa kutokea moto ukiwaka. Hakuna aliyemwita mwenye nyumba msaliti kwa sababu ana mlango wa uani.

Jioni hiyo mwenyeji wangu alinipeleka kumwamkia mamake. Ni bibi mkongwe aliyepita miaka themanini, na wajukuu wamwita kukhu. Aliponikaribisha alisema mulembe, na nilipoambiwa maana yake ni amani nikaona kwamba mimi na yeye twasalimiana salamu moja kwa lugha mbili. Kukhu ni Msamia aliyezaliwa upande wa Uganda, akaolewa na Mkhayo. Amesema maneno ambayo nimeyaandika katika daftari langu: "Mimi sikuvuka mpaka, mwanangu. Nilivuka mto kwenda kwa mume. Mpaka ulikuja ukanipita baadaye."

Bibi huyo hakuwa na haja ya kusoma historia, lakini historia yamuunga mkono. Mpaka mwaka 1902 nchi yote ile, pamoja na Mumias na Kisumu, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza wakalihamisha jimbo hilo kwa kalamu, wakalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926 wakaandika mstari wenyewe, wakaufuatisha na mito kama Sio, Malaba na Lwakhakha. Mto kwa karani ni mstari. Kwa mtu anayekaa hapo, mto ni mahali pa kuchota maji na kukutana na watu wa ng'ambo. Wasamia wakawa nusu huku na nusu kule, na Wateso wa Malaba kadhalika. Wakhayo wakabaki upande wa Kenya, lakini wake zao, wakwe zao na wajomba zao hawakuhamishwa na kalamu.

Sasa nakuja kwa yule ambaye kwa ajili yake nimeandika makala haya. Kukhu ana mjukuu wa kiume, kijana wa miaka ishirini na kitu, anaendesha pikipiki. Mamake ni binti wa kukhu, mzaliwa wa Bukhayo. Babake ni mtu wa Uganda. Kijana alizaliwa hospitali ya Tororo mwaka 2001, na kabla hajaota meno mamake alirudi naye kwao, akalelewa na nyanyake. Shule amesoma Kenya. Kiswahili chake ni cha Kenya. Alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho katika ofisi moja, akaambiwa yeye ni Mganda kwa kuwa amezaliwa Tororo. Akavuka, akaenda kuulizia upande wa pili, akaambiwa usemi wake ni wa Kenya, alete watu wa kumshuhudia. Babake alikwisha kufariki. Basi kijana akawa hana karatasi upande wowote, na huku ana nchi mbili. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mjomba, pikipiki kwa jina la mjomba, fedha zake zinapita kwa mjomba. Akitaka kuoa sijui kama arusi nayo itakuwa kwa jina la mjomba.

Mwezi kabla ya mimi kufika, akajiwa na broka. Broka akamwambia kwa shilingi elfu kadhaa atapatiwa kitambulisho ambacho kitaonyesha amezaliwa Busia, Kenya. Kijana alikuwa amekwisha kuweka nusu ya fedha.

Nililala usiku ule nikiwafikiria watu wawili hawa. Mmarekani anamtafuta nyanya aliyefariki kwa ajili ya karatasi, na anaheshimiwa. Kijana wa Bukhayo nyanyake yu hai, amekaa kwenye mkeka, anambua kunde, na hakuna anayemtaka ushahidi. Tajiri akilipa dola 250,000 kwa nchi ambayo hajapata kuikanyaga, jambo lile laitwa mpango wa uwekezaji. Maskini akilipa elfu kadhaa kwa nchi aliyolelewa, laitwa jinai. Na ni jinai kweli. Sisemi kwamba broka afuatwe. La kusikitisha ni kwamba broka alikuwa akimwuzia kijana, kwa uongo, kitu ambacho sheria imekwisha kumpa bure, kwa ukweli.

Kwani sheria yasemaje? Katiba ya zamani ya Kenya ilikuwa ngumu kwa watu wa namna hii. Mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alihesabiwa kwa babake tu; mama hakuwa na uraia wa kumrithisha. Na mwenye uraia wa nchi mbili alitakiwa auache mmoja akifika miaka 21. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyaondoa yote mawili. Kifungu cha 14 chasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia wa Kenya, awe amezaliwa Kenya au asizaliwe Kenya. Na kikaongeza kwamba haki hiyo yawafikia hata waliozaliwa kabla ya katiba hiyo. Kifungu cha 16 chasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Kwa hiyo kijana wetu, aliyezaliwa Tororo 2001 na mama wa Bukhayo, ni Mkenya wa kuzaliwa. Hana haja ya kudanganya mahali alipozaliwa. Tororo haimdhuru.

Upande wa Uganda nako mlango upo. Katiba yao ya 1995 yamkubali kuwa raia wa kuzaliwa mtu yeyote, amezaliwa ndani au nje, ikiwa mmoja wa wazazi wake au wa babu na nyanya zake alikuwa raia wa kuzaliwa wa Uganda. Yamkubali pia aliyezaliwa Uganda ambaye wazee wake ni wa makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya nchi hiyo tarehe 1 Februari 1926. Na katika orodha ya makabila hayo Wasamia wamo, na Wateso wamo. Uraia wa nchi mbili Uganda iliuruhusu kwa mabadiliko ya katiba ya 2005 na sheria ya 2009, nayo yataka mambo yapitishwe kwa Bodi ya Uraia na Uhamiaji. Tazama basi: sheria ya Ayalandi inayomfurahisha Mmarekani yule, na sheria ya Uganda, zote zamwuliza mtu habari za nyanyake.

Hapa ndipo wengine watanirudishia methali yangu. Watasema mshika mbili moja humponyoka. Mtu mwenye nchi mbili hana nchi. Vita ikizuka atamtumikia nani? Swali hili si la kudharauliwa. Siku za uchaguzi watu wa mpakani hutuhumiwa kwamba hupiga kura huku na kule, na wanasiasa hutuhumiwa kwamba ndio wanaowasafirisha. Mwenye kufanya hivyo ni mwizi wa kura na hana utetezi kwangu. Katiba yenyewe imeweka mipaka: kifungu cha 78 chamkataza mwenye uraia wa nchi mbili kushika wadhifa wa afisa wa dola au kuwa mwanajeshi, ila wachache waliotajwa, miongoni mwao yule aliyefanywa raia na sheria ya nchi nyingine bila ya kuwa na njia ya kujitoa. Na sheria ya uraia ya 2011 yamtaka mwenye uraia wa pili autangaze katika muda wa miezi mitatu. Akiuficha, adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 5,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Angalia, ndugu msomaji, kosa liko wapi. Kosa halimo katika kuwa na mbili. Limo katika kuficha. Na watu wa mpakani huficha si kwa ujanja peke yake. Huficha kwa hofu waliyoirithi. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya kwa maelfu. Mwezi wa Desemba 1987 risasi zililia hapo hapo Busia baina ya nchi hizi mbili, na mpaka ukafungwa. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba, wengine wakapelekwa kambi ya Mulanda. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, malori yetu yalipanga foleni ya kilomita nyingi Malaba, na mtu mwenye ndugu aliyefariki upande wa pili hakuweza kwenda kumzika. Mtu aliyeyaona hayo hujifunza kuwa na karatasi ya huku mfuko wa kulia, ya kule mfuko wa kushoto, na kunyamaza.

Wengine watasema, mbona siku hizi kuvuka ni rahisi? Ni kweli. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho tu, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010. Lakini ruhusa ya kupita si haki ya kukaa, wala haki ya kukaa si uraia. Katika Kenya asiye raia hamiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda usiozidi miaka 99. Uganda nako asiye raia hupewa ardhi ya kukodi tu. Sasa mjukuu wa kukhu akiachiwa shamba na babake kule Tororo, kitambulisho cha kuvukia kitamfaa nini? Atavuka kwa raha, alitazame shamba, arudi.

Huenda msomaji wangu wa Lamu au Malindi akauliza, haya ya Bukhayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Nyanya yangu mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale, alilala usiku wa tarehe 11 Desemba 1963 akiwa raia wa Sultani wa Zanzibar, kwani pwani yetu ya maili kumi ilikuwa yake mpaka hapo, akaamka ni wa Kenya. Mapatano yalifanywa London mwezi wa Oktoba mwaka huo na hakuna aliyebisha mlango wake kumwuliza. Dada yake aliyeolewa Unguja akaamka ni raia wa nchi nyingine, na baada ya 1964 wanawe wakaishia Maskati. Mama mmoja, bendera tatu. Na Oman hairuhusu uraia wa pili ila kwa amri ya Sultani mwenyewe. Tanzania haimruhusu mtu mzima. Kwa hiyo binamu zangu hawawezi kuwa na mlango wa uani hata wakiutaka, na mimi nikiwaendea naingia kwa viza kama mtalii.

Wala si hilo tu. Nilipofika umri wa kitambulisho, mwishoni mwa miaka ya 1980, niliambiwa na afisa mmoja nilete cheti cha kuzaliwa cha babu yangu. Babu yangu alizaliwa wakati ambapo kuzaliwa kulitangazwa kwa adhana sikioni, si kwa karani. Nilirudi mara nne. Ndugu zetu Wamakonde iliwabidi watembee kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba, wavuvi waliokaa pwani hii vizazi na vizazi, walingoja mpaka 2023. Na mchujo ule wa vitambulisho, uliowasumbua Waislamu wa pwani na wa kaskazini mashariki kwa miaka, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuuondoa kwa watu wa kaunti za mipakani akiwa Wajir mwezi wa Februari 2025, na mabishano juu yake hayakukawia kuzuka. Sisi tunaojua uchungu wa kuulizwa nyanya yako ni nani, tusiwe wa kwanza kumcheka Mkhayo anapoulizwa.

Tulifunzwa chuoni kwamba neno raia limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Sote twajua mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mchunga na dhamana yake kwa anachokichunga. Basi uraia kwanza si deni la raia, ni deni la mchunga. Kundi likiwa na wachunga wawili, yafaa wakae wazungumze ni nani atakayelinywesha. Haifai kila mmoja aseme si langu, likafa kiu baina yao. Na hivyo ndivyo alivyofanywa kijana wa kukhu.

Mimi naona mambo mawili yafaa kufanywa, na hayahitaji fedha nyingi. Pale Busia pana kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa na marais wa nchi mbili hizi tarehe 24 Februari 2018. Maafisa wa Kenya na wa Uganda wakaa humo chini ya paa moja wakigonga mihuri. Kama waweza kukaa pamoja kwa ajili ya shehena ya saruji, kwa nini wasikae pamoja kwa ajili ya mtu? Iwekwe meza moja ya uraia. Aje mama na mwanawe, aje na kukhu pia, waulizwe pande zote mbili kwa mara moja, watangaze walicho nacho, waandikwe. Mwenye kutangaza asitishwe. Mwenye kupiga kura mara mbili ajulikane papo hapo. Uwazi huo utamdhuru broka kuliko msako wowote.

La pili, katiba isomwe kwa watu. Kifungu cha 14 kisomwe kwa Kiswahili, kwa Kikhayo na kwa Kiteso, sokoni, kanisani na msikitini baada ya sala. Miaka mingi imepita tangu 2010, na bado nilimkuta kijana anayeendesha pikipiki mbele ya ofisi za serikali kila siku bila kujua kwamba mamake aweza kumrithisha nchi.

Mmarekani tuliagana naye asubuhi ya siku ya nne. Nilimwombea Mungu aipate karatasi ya nyanyake. Kijana naye tuliketi naye, mimi na mjomba wake, tukamsomea kifungu mstari kwa mstari. Alisikiliza akiwa ameshika kofia ya pikipiki magotini. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo, mzee, nikiandika Tororo nitakuwa sijasema uongo, na bado nitakuwa wa hapa?" Nikamwambia ndiyo. Fedha alizompa broka hazikurudi, na hilo amelisamehe. Amekwenda kuomba upya, mamake mbele na yeye nyuma, na Tororo imeandikwa. Mpaka ninapoandika haya anangoja jibu.

Nimeifikiria sana methali ya mwalimu wangu njiani nikirudi. Naona haina kosa, ila yahitaji kusemwa kwa mtu anayestahili. Tajiri anayenunua paspoti ya pili ameshika mbili. Mtu wa Bukhayo hakushika. Yeye ndiye aliyeshikwa na mbili, mama mkono huu na baba mkono ule, na hakuna sheria ya haki itakayomwambia aukate mmoja. Kwa hiyo naachia hapa kwa ubeti niliomtungia kukhu, nilipokuwa garini usiku:

Mpaka ni wa karani, alouchora kwa wino,
Damu haina ramani, ni moja kwa tangamano,
Haki iwe hadharani, si siri ya mnong'ono,
Wa mpakani, semani, msiogope maneno.